Haki ya Kuchinja na Haki ya Anayechinjwa

 

Tarehe 13 Februari 2024, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg, Ufaransa, ilitoa hukumu dhidi ya Waislamu na Mayahudi wa Ubelgiji. Hao walikuwa wakipinga sheria za majimbo ya Flanders na Wallonia, ambazo tangu mwaka 2019 zinakataza kumchinja mnyama kabla ya kumpotezea fahamu, kwa kawaida kwa umeme. Mahakama ikasema kuwa sheria hizo hazivunji uhuru wa dini. Kabla ya hapo, tarehe 17 Desemba 2020, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ilikwisha kuamua kwamba nchi mwanachama yaweza kuweka sharti hilo, ijapokuwa kanuni ya Umoja huo ya mwaka 2009 yenyewe inaruhusu uchinjaji wa kidini usiotanguliwa na umeme.

Ndugu zetu wa Ubelgiji wana hoja yenye uzito. Kanuni hiyo hiyo haigusi uwindaji, na paa anayepigwa risasi porini kwa ajili ya burudani hapotezewi fahamu kwanza. Wapo pia wanasiasa ambao huruma yao kwa kondoo huamka pale tu mchinjaji anapokuwa Muislamu.

Kuhusu umeme wenyewe, wanazuoni wamekhitilafiana. Malaysia inauruhusu kwa masharti, na machinjio ya New Zealand yanayouza nyama kwa nchi za Kiislamu hutumia umeme wa kichwani, ambao humzimisha mnyama kwa muda mfupi bila kumuua. Wengine wanaukataa wakihofia mnyama asije akafa kabla ya kisu. Jambo linalowakutanisha wote ni kwamba mnyama lazima awe hai kisu kinapopita, na kifo chake kitokane na kuchinjwa. Hatukusudii hapa kutoa fatwa juu ya khitilafu hiyo.

Tunachokusudia ni kuuliza swali lililo kabla yake. Tunapoitetea haki yetu ya kuchinja, je, haki ya anayechinjwa tumeitimiza?

Katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja, basi mchinjaji anoe kisu chake na ampe mnyama wake raha. Imepokewa pia kwamba alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya macho ya mnyama. Naye Imamu Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameorodhesha haki za mnyama juu ya binadamu, na miongoni mwazo ni kutomchinja mtoto wake mbele yake.

Mafundisho haya yanaafikiana na maumbile. Kisu kikali kikikata koromeo, umio na mishipa mikubwa ya shingo kwa mara moja, damu inayokwenda kwenye ubongo wa mbuzi au kondoo hupungua ghafla, naye hupoteza fahamu upesi. Ng'ombe huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa ipo mishipa mingine ipitayo kwenye uti wa mgongo ambayo kisu hakiifikii. Kisu butu hukereza, hurefusha maumivu na humfanya mnyama apapatike. Kwa hiyo kisu butu ni dhulma, hata kama Bismillahi imetajwa.

Na dhulma haianzi kwenye kisu. Mwezi Juni 2022, wiki chache kabla ya Idil-Adh'ha, meli ya Al Badri 1 ilizama katika bandari ya Suakin, Sudan, ikiwa na kondoo zaidi ya 15,000 waliokuwa wakipelekwa Saudi Arabia. Maafisa walieleza kuwa meli hiyo ilipaswa kubeba kondoo 9,000 tu. Mabaharia waliokolewa, lakini kondoo karibu wote wakafa maji. Hapo hapakuwa na jaji wa Ulaya. Muuzaji ni Muislamu na mnunuzi ni Muislamu, na shehena ni wanyama waliokuwa njiani kwenda kwa ndugu zao Waislamu.

Tukitazama barabara zetu wenyewe, tunaona mbuzi aliyefungwa miguu yote minne na kulazwa nyuma ya pikipiki juani, na kuku walioning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini askari hayupo katika kila mnada wala katika kila ua wa nyumba. Aliyepo kila mahali ni Allah (S.W.).

Basi tunawausia wazazi, hasa Idi inapokaribia. Mnyama aletwe mapema, awekwe kivulini, apewe maji na majani. Kisu kinolewe usiku, mbali naye. Aongozwe taratibu, asiburutwe kwa mguu. Asichinjwe mbele ya wenzake. Na asianze kuchunwa wala kukatwa kiungo mpaka roho imetoka kabisa. Asiyejua kuchinja amwachie ajuaye, kwani si aibu. Na watoto waelezwe kwa nini tunafanya hivi, ili wajifunze kwamba huruma ni sehemu ya ibada.

Muislamu wa Ubelgiji anapotakiwa athibitishe mbele ya majaji kwamba dini yake inamhurumia mnyama, ushahidi wake si vitabu tu. Ni sisi pia: minada yetu, malori yetu, meli zetu na nyua zetu. Kila mbuzi anayeteswa njiani kwa jina la halali ni shahidi anayesimama upande wa pili wa kesi, na kesho Akhera atasimama mbele ya Hakimu asiyekata rufaa mtu kwake.