Shamba la Nabothi Lauzwa kwa Kalamu

Nataka kusema nanyi juu ya ardhi, nami najua ya kuwa wengine hawatapendezwa na maneno haya. Walakini mwalimu akinyamaza kwa kuogopa nyuso za watu, amekwisha kuiacha kazi yake.

Mwaijua wote habari ya Nabothi wa Yezreeli. Mfalme Ahabu hakulitaka shamba lake bure. Aliahidi kumpa shamba jingine lililo bora, au fedha. Wala hakutaka kulitumia kwa ubaya. Alitaka bustani ya mboga tu karibu na nyumba yake. Nabothi akakataa, kwa kuwa shamba lile halikuwa lake peke yake, bali lilikuwa urithi wa baba zake. Katika mafundisho yetu twamlaumu sana Ahabu, na Yezebeli twamlaumu zaidi. Lakini ni mara chache twawataja wazee wa mji. Yezebeli aliandika barua na kuzitia muhuri wa mfalme, basi. Wazee ndio waliokusanya watu, wakaweka mashahidi wa uongo, wakamwua jirani yao. Kama wangalikataa, barua ile ingalibaki barua tu.

Huku kwetu mteremkoni pa Kilimanjaro, shamba la Nabothi huitwa kihamba. Msomaji wa mbali na afahamu ya kuwa kihamba si shamba la mazao tu. Juu ni migomba, chini ya migomba ni kahawa, na chini ya kahawa ni maharagwe na magimbi. Zizini yumo ng'ombe ambaye samadi yake hurudi migombani. Mfongo huleta maji kutoka mtoni. Na kando ya nyumba yapo makaburi ya wazee. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanza mwaka 1933, kilisimama juu ya kahawa ya vihamba hivi, na wengi tusomao gazeti hili tulilipiwa ada ya shule kwa kahawa hiyo.

Sasa tazameni kando ya barabara zetu. Kihamba hukatwa vipande vya mita 20 kwa 20, na kila kipande hupata jina jipya, nacho huitwa kiwanja. Migomba hukatwa, mibuni hung'olewa, ukuta wa matofali husimama. Mfongo uliopita hapo huzibwa, maana mwenye ukuta hataki maji ya watu uani kwake. Na jirani akaaye chini, ambaye hakuuza kitu wala hakupokea hata senti moja, huamka asubuhi na kuuona mfereji wake mkavu. Basi asiwepo mtu wa kuniambia ya kuwa kihamba ni mali yake na auze apendavyo. Maji yapitayo shambani mwako si yako peke yako.

Fikirini hesabu pia. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, nchi yetu ya Tanzania ilikuwa na watu kama milioni 12.3. Mwaka 2022 tulihesabiwa zaidi ya milioni 61.7, na katika mkoa wa Kilimanjaro peke yake zaidi ya milioni 1.8. Watu wameongezeka, walakini mlima haukuongezeka hata hatua moja. Midomo ikizidi na udongo mwema ukipungua, hakuna haja ya mwalimu wa hesabu kutuambia jawabu.

Husemwa kwamba serikali ndiyo yenye makosa, kwa kuwa haitungi sheria ya kuilinda ardhi. Neno hili si kweli. Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, nazo zilianza kutumika mwaka 2001. Zasema ya kuwa ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya kijiji yasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo yasimamia kama mtu aliyewekewa amana, si kama mwenye mali. Halmashauri haina ruhusa kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Mtu akitaka kumhamishia mwingine haki yake ya kimila, yampasa apate kibali cha Halmashauri hiyo. Mila yo yote imnyimayo mwanamke haki ya kupata na kutumia ardhi, sheria yaitangua. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Mwaka 2007 ikaongezwa sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi, ili kijiji kikae chenyewe na kuamua wapi ni pa kulima, wapi ni pa kulisha, wapi ni pa kujenga.

Basi sheria zipo. Ni nani azivunjaye? Nitasema, nami nitaanza na nafsi yangu.

Zamani kidogo mzee mmoja jirani yangu alikuja kwangu jioni pamoja na mgeni kutoka mjini. Alikuwa ameuza nusu ya chini ya kihamba chake, akaniomba niandike hati ya mauzo, kwa kuwa mwandiko wangu wasomeka vizuri. Nikaandika. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika kanga, wala hapana aliyemwuliza neno, nami pia sikumwuliza. Kiongozi wa kijiji akaitwa, akaja na muhuri mfukoni, akaupiga mezani pangu chini ya taa. Halmashauri haikukaa, wala Mkutano Mkuu haukusikia habari. Mimi nikatia sahihi kama shahidi, nikapewa zawadi ndogo, nikaipokea. Leo mahali pale pana baa, na mfongo umezibwa. Fedha zilikwisha kabla ya mwaka kwisha. Yule mama aliyekuwa akichukua ndizi zake kwenda kuuza sokoni, sasa aenda sokoni kununua ndizi. Akikutana nami njiani hunisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," ijapokuwa yeye ni mkubwa kwangu kwa umri. Kila nipitapo pale nauona mwandiko wangu ukutani.

Ndugu zangu, hapakuwako Ahabu hapo. Mgeni yule alikuwa mtu wa kawaida, mwenye fedha zake halali, atafutaye mahali. Waliokosa ni wazee wa mji: mwuzaji asiyemwuliza mkewe, kiongozi abebaye muhuri wa kijiji mfukoni kama kiberiti, na mwalimu akopeshaye mwandiko wake. Nao viongozi wengine hudai fungu la kumi la bei, kama kwamba muuzo wa urithi ni mavuno ya kutolewa zaka.

Kumbukeni jirani zetu Wameru. Mwaka 1951 serikali ya wakoloni iliwaondoa kwa nguvu katika nchi yao ya Engare Nanyuki, ili wapewe walowezi. Hawakukubali. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki ya watu wake. Wazee wale walinyang'anywa ardhi kwa askari na moto, wakalia mpaka ng'ambo ya bahari. Sisi hatunyang'anywi na mtu. Twaitoa wenyewe kwa kalamu ya wino, kisha twalia ya kuwa tumeonewa.

Najua majibu. Mmoja atasema, "Mwalimu, mwanangu alikuwa hospitali, nilikuwa na njia gani?" Huyu simhukumu. Namwuliza mwenye kanisa na mwenye ukoo: mlikuwa wapi siku ile, hata ndugu yenu akaona ya kuwa hana mahali pa kukimbilia ila kwa mnunuzi? Kama tungalichanga kwa ajili ya mgonjwa kama tuchangavyo kwa ajili ya arusi, kihamba kingalisalia. Mwingine atasema, "Watu ni lazima wapate mahali pa kukaa." Ni kweli, na wajenge. Walakini kuna ardhi ya mawe isiyozaa, na kuna ardhi iliyonyeshewa samadi na jasho kwa vizazi vingi. Mwenye akili hatandazi saruji juu ya hiyo ya pili na kuiacha ile ya kwanza. Tena najua ya kuwa mahali pengine mpaka wa mji umekwisha kukipita kijiji, na kijiji kimekuwa mtaa. Huko hutawala sheria ya mipango miji. Lakini vijiji vingi vingali vijiji, na huko mlango ungali mikononi mwetu.

Basi tufanye nini? Mkutano Mkuu wa Kijiji wapaswa kuitwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Tuhudhurie kama tuhudhuriavyo ibada. Halmashauri yapaswa kuuarifu mkutano ule mambo ya ardhi, basi tuulize mbele ya wote, "Tangu tulipokutana, ni kipande gani kimetoka, kwa nani, kwa idhini gani?" Mwenyekiti mwaminifu hatachukia swali hilo, na asiye mwaminifu ataliogopa. Pasipo na mpango wa matumizi ya ardhi, tuudai. Panapokuwa na ugomvi, Baraza la Ardhi la Kijiji lipo, lenye watu saba, na watatu wao wapaswa kuwa wanawake. Tulitumie kabla ya kukimbilia mapanga.

Nanyi walimu wenzangu, makatekista na wazee wa kanisa, nyinyi ambao huletewa karatasi jioni: msiandike mpaka mmemwona mke wa mwuzaji na kulisikia jibu lake kwa kinywa chake, na mpaka mmekiona kibali cha Halmashauri. Wakisema mna kiburi, kubalini kuitwa hivyo. Na Kanisa lenyewe lisinunue kihamba cha mtu aliye katika dhiki ili kujenga vyumba vya kupangisha. Maana tukifanya hivyo, tutahubiri habari za Nabothi kwa kinywa gani?

Mimi nimeweka nadhiri ya kuwa mkono wangu hautaandika tena hati ya namna ile. Aonaye ya kuwa nimekosa na anijibu katika gazeti hili, nami nitasoma. Lakini kwanza na aende, yeye aliye mwuzaji au mwandishi, akamwulize yule mama aliyesimama mlangoni.