Diwani Zetu Zisilale Nyumba ya Kupanga



Nasikia wenzangu wakidai kwamba kusimika seva ya hifadhidata ni kazi ya mafundi, wala haimhusu mshairi. Dai hilo nalipinga.

Miaka mingi nilifundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu. Methali isemayo "mali bila daftari hupotea bila habari" niliisomesha, lakini sikuifuata. Mashairi yangu 212 niliyaandika moja kwa moja katika tovuti ya watu. Tovuti ikafungwa, nikabakiwa na 40 tu. Simlaumu mwenye tovuti; niliweka amana pasipo kushika ufunguo.

Sasa natumia PostgreSQL, programu huria ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Hailipiwi, na msimbo wake u wazi kwa kila mtu. Katika kompyuta yangu yenye Ubuntu, amri moja ya sudo apt install postgresql ilitosha kuisimika. Usipobadili mipangilio yake, seva hiyo huitika wito wa kompyuta yako tu. Kila Ijumaa natoa nakala kwa amri ya pg_dump na kuiweka katika flashi, maana kompyuta nayo hufa.

Mtaniuliza, daftari la karatasi lina kasoro gani? Halina, ila halijibu maswali. Jedwali langu lina safu za bahari, vina, mizani na mwaka. Nikitaka tarbia zote zenye kina cha "ni", nazipata papo hapo.

Lakini lipo linaloniuma zaidi. Programu hii huja na kanuni za kutambua mashina ya maneno ya Kitamil, Kinepali na Kiindonesia. Za Kiswahili hazimo. Ukitafuta "ameimba", haikuletei "wataimba", kana kwamba maneno hayo hayana undugu. Nani atatunga kanuni hizo? Fundi asiyejua ngeli wala mnyambuliko hawezi peke yake. Sisi tuliochambua vitenzi ubaoni miaka nenda miaka rudi ndio wenye ujuzi huo, na mlango wa programu huria hauna bawabu.

Basi anayesema kazi hii si ya mshairi, aniambie ni ya nani. Nangoja jibu, na ikiwezekana liwe la beti.