Kichocho cha Ziwani: Tumbo Kuvimba si Uchawi



Kila makazi aliyotujaalia Allah (S.W.) yana neema na mitihani yake. Miongoni mwa waishio juu sana milimani, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, wapo wanaougua maradhi ya muda mrefu kwa uhaba wa oksijeni. Sisi wa Busisi na mwambao wa Ziwa Viktoria tumeepushwa na hayo. Mtihani wetu umo majini, nao ni kichocho.

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi hutuvusha ghuba bila kulowa unyayo. Hata hivyo, nguo bado hufuliwa ziwani, watoto huoga humo, na wavuvi husukuma mitumbwi maji yakiwafika kiunoni. Hapo ndipo vimelea visivyoonekana kwa macho, vitokavyo kwa konokono wadogo wa majini, hupenya ngozi.

Wengi wetu tulifundishwa kuwa dalili ya kichocho ni mkojo wenye damu. Kichocho cha ziwani aghalabu ni cha tumbo. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka, ikitaga mayai. Baadhi ya mayai hutoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama huko. Taratibu ini huingia makovu, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula hutanuka hata ikapasuka, mgonjwa akatapika damu. Kwa kuwa haya huchukua miaka mingi, aliyeoga ziwani utotoni huweza kuugua akiwa mzazi, na majirani wakasema amerogwa. Familia ikimkimbilia mpiga ramli, hupoteza mali, wakati na imani.

Tuzitambue dalili mapema: maumivu ya tumbo, kuharisha mara kwa mara, damu katika choo, uchovu usiokwisha, na mtoto kudumaa au kupungukiwa damu. Mwenye dalili hizo apimwe choo; kipimo kimoja huweza kukosa mayai, hivyo kirudiwe mganga akishauri. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami apelekwe hospitali saa ile ile.

Tiba ni vidonge vya praziquantel, kwa kipimo cha uzito au urefu, navyo humezwa baada ya kula. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa. Haiui ile michanga, wala haizuii kuambukizwa upya mtu arudipo majini. Kwa hiyo dozi moja si mwisho wa safari. Watoto hupewa kingatiba shuleni, lakini mama afuaye ziwani na baba mvuvi nao waende zahanati wakaulize. Ini likishapata makovu makubwa, vidonge pekee havilirudishi lilivyokuwa. Mgonjwa huhitaji kuangaliwa na daktari kwa muda mrefu.

Kinga huanza chooni. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na alitahadharisha dhidi ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji. Aliye na choo nyumbani na akakitumia amewakinga jirani zake, kwani mayai yasipofika ziwani, konokono hawapati cha kueneza.

Vilevile tukumbuke kwamba maji ya ziwa ni tohara kwa sharia, lakini tohara si lazima yawe salama kwa mwili. Kwa kuoga na kutawadha tupendelee maji ya bomba au kisima. Yakikosekana, maji ya ziwa yachemshwe kisha yapoe, au yakae siku 2 katika chombo safi kisicho na konokono, kilichofunikwa.

Mwili ni amana, na watoto wetu ni amana. Wiki hii kila familia ijiulize: nani kati yetu huingia ziwani, na lini mara ya mwisho alipimwa?

Wabillahi tawfiq.