Ila ya Pikipiki Itafutwe, Isifichwe



Katika nyumba nyingi za Waislamu pikipiki ndiyo punda wa nyumba. Humchukua baba kazini, humpeleka mtoto chuoni, na kwa wale wabebao abiria ndiyo iletayo unga jikoni. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya ila moja ambayo wenye vyombo hivi huizoea mpaka wakaiona si kitu, nayo ni kutikisika kwa usukani.

Usukani hautikisiki bure. Kabla ya kutoa fedha kwa fundi, mwenye chombo ajiulize kwanza: watikisika wakati gani? Ikiwa mikono yatikiswa upesi upesi, kiasi cha mara 4 mpaka 10 kwa sekunde, hasa mwendo unapopunguzwa, aghalabu sababu iko mbele. Ikiwa chombo kizima chayumba polepole kama jahazi katika mawimbi, basi na nyuma patazamwe. Na ikiwa hutikisika pale tu breki ya mbele ishikwapo, ichunguzwe ngoma au sahani ya breki, kwani huenda imepinda.

Baada ya hapo uchunguzi uanze na yale yasiyo na gharama. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha chombo, wala si kwa kubonyeza kwa kidole. Tairi itazamwe kama imelika sawasawa au imefanya mabonde, na kama imekaa sawa juu ya rimu pande zote. Umri wake nao hujulikana: katika tairi nyingi mstari uanzao kwa herufi DOT huishia kwa tarakimu nne, na 2319 maana yake imetengenezwa juma la 23 la mwaka 2019.

Kisha pikipiki isimamishwe juu ya stendi kubwa, na mtu mmoja aikandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele lining'inie. Kifungwe kijiti katika uma wa mbele, ncha yake ikaribie rimu, gurudumu lizungushwe. Rimu ikisogea na kurudi, imepinda. Spoki zigongwe moja moja kwa bisibisi: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Halafu tairi ishikwe juu na chini, isukumwe ubavuni huku na huku. Ikicheza, beringi za gurudumu zimekwisha au nati ya ekseli imelegea.

Sasa ishikwe miguu ya uma, chini karibu na ekseli, ivutwe mbele na kusukumwa nyuma. Kukisikika kugonga, mara nyingi ni beringi za kichwa cha usukani, yaani zile gololi na bakuli zake, ambazo zimelegea. Huenda pia ni uma wenyewe uliolika ndani. Mwisho usukani ugeuzwe taratibu kwa kidole kimoja, toka kushoto mpaka kulia. Ukinasa katikati kama ulioingia kishimoni, gololi zimekwisha kuchimba bakuli, na hapo hapana dawa illa kubadili seti nzima.

Nyuma nako kusisahauliwe. Bushi za mkono wa gurudumu zikicheza, au gurudumu likifungwa kombo wakati wa kukaza mnyororo, usukani hulipa deni lisilo lake. Kadhalika mzigo mrefu uliofungwa nyuma ya ekseli hulipunguzia gurudumu la mbele uzito wake. Na kila kinachotengenezwa kitengenezwe kimoja, kisha chombo kijaribiwe polepole, ili ijulikane sababu ilikuwa nini.

Mtu akipatwa na mtikisiko njiani, asikaze mikono kama ashindanaye na fahali, wala asishike breki kwa ghafula, wala asiongeze mwendo. Ashike usukani imara bila kuubana, apeleke uzito wa mwili mbele, na apunguze moto kidogo kidogo mpaka chombo kitulie. Kisha asimame kando.

Yako, basi, matengenezo mabaya ambayo twapenda kuyakemea. Wako watu ambao usukani ukitikisika huikaza nati ya kichwa kwa nguvu mpaka usukani uwe mzito. Mtikisiko huweza kupungua kwa muda, lakini ila imebaki pale pale, na chombo huanza kuyumba katika mwendo mdogo kwa kuwa usukani haujirudi wenyewe. Wengine hufanya hivyo jioni, na asubuhi wakaiuza pikipiki kwa ndugu Muislamu, naye akampakia mkewe na mwanawe.

Wajua wasomaji wetu habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye kuuza alitoa udhuru wa mvua. Mtume alimuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, na akalikemea jambo la udanganyifu kwa ukali. Na wanazuoni wa fiqhi wamefafanua khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua ila ya kale ambayo hakuijua wakati wa mapatano, ana haki ya kukirudisha kitu. Muuzaji humpasa kuieleza ila aijuayo, ijapokuwa hakuulizwa. Ikiwa hivyo ndivyo katika nafaka iliyolowa, itakuwaje katika kitu ambacho ila yake yaweza kuvunja shingo?

Abiria naye, ijapokuwa hanunui chombo, amenunua usalama wa safari yake. Yeye hawezi kutia mkono akaipima nati. Amekuamini wewe uliyeshika usukani, na roho yake ni amana mgongoni mwako. Siku moja ya kazi iliyokosekana ni hasara, twakubali, na nyumba yenye kipato cha kila siku huihisi hasara hiyo usiku ule ule. Kwa hiyo twawashauri mama na baba wa nyumba watenge kila juma kiasi kidogo kwa ajili ya chombo, kama watengavyo kodi, ili siku usukani utakaposema, pasiwe na sababu ya kuunyamazisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watunzao amana. Amin.