Uhuru na Ruhusa: Maoni Kuhusu Neno, Sheria na Wimbo

Tarehe 26 Machi 2017 mwanamuziki wa kizazi kipya ajulikanaye kwa jina la Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa tuhuma kwamba wimbo wake "Wapo" uliikashifu serikali. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo huo. Kesho yake mwimbaji akaachiliwa, si kwa hukumu ya mahakama, bali kwa agizo la Rais John Magufuli. Ilielezwa kwamba Rais ameupenda wimbo, anataka upigwe, tena anashauri uongezewe watu wengine wa kukosolewa, wakiwamo wakwepa kodi. Wengi walishangilia. Sisi ambao kazi yetu ni maana za maneno tulikuwa na sababu ya kusita kwanza: je, alichopata mwimbaji yule kilikuwa uhuru au ruhusa?

Tukiyachunguza mazingira ya neno *uhuru* katika matumizi ya kawaida, tutaona kwamba aghalabu huandamana na vitenzi kama kupewa, kupata, kunyimwa na kunyang'anywa. Ni kitu kinachotoka mkononi mwa mmoja kwenda mkononi mwa mwingine, na daima yupo mwenye kukigawa. (Hatusemi kwamba fulani amepewa pumzi na mkuu wa wilaya.) Historia ya neno lenyewe inaeleza sehemu ya jambo hili. Asili yake ni Kiarabu, na katika pwani yetu *huru* alitajwa mkabala na *mtumwa*. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa huko Unguja na Pemba haikumfanya kila mtumwa aamke asubuhi akiwa huru. Ilimlazimu aende mwenyewe mbele ya wenye mamlaka kuuomba uhuru wake. Hata pale sheria ilipomwondolea mtu minyororo, ilimtaka kwanza apige hodi.

Hapa ndipo tunapoona faida ya kuusoma kwa makini mkondo wa fikra ambao, kwa kukosa neno lililozoeleka, tutauita ulibertaria. Mizizi yake imo katika maandishi kama ya John Stuart Mill ya mwaka 1859, na sura yake kali zaidi ni ile ya Robert Nozick katika kitabu chake cha mwaka 1974. Nozick haanzi kwa kuuliza dola itamruhusu raia kufanya nini. Huanza na haki za mtu, kisha huuliza haki hizo zinaiachia dola nafasi gani. Mzigo wa kujieleza humwangukia anayekataza. Hatukubaliani na Nozick katika mengi, hususan mintarafu ya kodi na mali. Jamii isiyo na shule wala zahanati ya umma haimwachii maskini hiari kubwa ya kutumia. Lakini katika suala la kusema na kuimba, mpangilio wake wa hoja ndio sahihi.

Tuchukue mfano ambao kwa mwanaisimu una utamu wake. Novemba 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny akishirikiana na Diamond Platnumz, kwa sababu ya maadili. Desemba, baada ya kuuimba jukwaani, wasanii hao walizuiwa kufanya maonyesho kwa muda usiojulikana. Januari 2019, baada ya kuomba radhi, wakafunguliwa. Wimbo ule ulichezea jina la Nyegezi, ambako ni mahali halisi jijini Mwanza, penye kituo cha mabasi na wakazi wasio na hatia. Maana ya pili haimo katika jina. Huundwa na msikilizaji anayelijua neno jingine linalofanana nalo. Anayepiga marufuku fumbo la namna hii anakiri kwamba amelifumbua, na anaadhibu tafsiri. Taarab na maandishi ya khanga yangebaki na nini iwapo kipimo hicho kingetumika kwa haki?

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni kwamba fikra hizi ni za kigeni, kwani Mwafrika ni mtu wa jamii. Vichwa vya mikusanyo ya hotuba na maandishi ya Mwalimu Nyerere huweza kutajwa kama ushahidi: *Uhuru na Umoja*, *Uhuru na Ujamaa*, *Uhuru na Maendeleo*. Ni kweli kwamba katika vichwa hivyo uhuru hauachwi utembee peke yake. Hata hivyo, *na* ni kiunganishi. Hakimfanyi wa kwanza kuwa mtumishi wa wa pili. Isitoshe, jamii ya Waswahili ilikuwa na utaratibu wake wa kumkabili mwenye ulimi mkali. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi ya siasa katika enzi za uhasama wa Mombasa na Lamu na Unguja, na jawabu la shairi lilikuwa shairi. Aliyeshindwa alishindwa mbele ya wasikilizaji.

Sheria zetu zenyewe zina lugha mbili. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliondoa katika Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania maneno yaliyouweka uhuru wa maoni chini ya sheria za nchi. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa ya kisarufi na ya kisiasa, na yanastahili kusifiwa kuliko yalivyosifiwa. Lakini Ibara ya 30, inayoweka mipaka ya haki kwa ajili ya maslahi ya umma, imebaki, na Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 iliyounda BASATA ilitungwa miongo miwili kabla ya marekebisho hayo. Ibara ya 18 sasa inasema raia anao uhuru. Utaratibu wa vibali unaendelea kusema anapewa.

Kwa hiyo tunarudi Morogoro. Rais aliupenda wimbo. Wanafunzi wetu wa sheria na wa fasihi watusaidie kujibu: kama asingeupenda, mwimbaji yule angeegemea neno gani?