Mnapanda Kama Watu Wanaorudi Nyumbani Kesho

Wasee wa majuu, leo ni zamu yenu. Najua mtanitukana kwa koments lakini lazima mtu aseme: nyinyi Wakenya wa Minnesota mnatupa pesa kwa maua, halafu mnasingizia winta.

Stori ni ile ile kila mwaka. Mei ikifika na theluji imeisha, mnaenda dukani mnajaza toroli koliasi, yale majani ya zambarau, nyekundu na kijani ambayo huku Nairobi unayapata kwa kila kitalu cha kando ya barabara. Mnapanga mlangoni, mnapiga picha, mnatuma kwa grupu ya familia: "Kama nyumbani tu!" Sisi tunaweka mioyo. Kisha vuli inaingia, sakitu inapiga usiku mmoja tu, na asubuhi kila jani limelegea na kuwa jeusi kama sukuma wiki iliyosahaulika kwa friji. Yote ndani ya pipa. Mei inayofuata, toroli tena.

Anti yangu amefanya hivi miaka 14. Nilimuuliza kwa simu mbona asipande kitu kinachorudi chenyewe, akacheka: "Mwanangu, mimi siko hapa kukaa. Mwaka ujao narudi." Miaka 14 ya mwaka ujao! Watoto wamemalizia shule huko, nyumba amenunua huko, kanisani ndiye mweka hazina. Lakini bustani yake bado iko na begi mlangoni. Na si yeye peke yake, kwa sababu nikiweka video ya mimea, wa majuu ndio huwa wa kwanza kuniandikia, na nusu yao wananipa jibu hilo hilo kwa maneno tofauti.

Hebu tupige hesabu ya kawaida. Tuseme chungu kimoja ni dola 6, na unanunua kumi. Hiyo ni dola 60 kwa mwaka. Miaka 14 ni dola 840, na huna hata mzizi mmoja wa kuonyesha. Na hizo si pesa za kuokota. Ni pesa za zamu ya usiku, za kuinua wazee wa watu kitandani mpaka mgongo unalia. Ukizituma nyumbani unaulizwa zilifanya nini. Zikiingia kwa koliasi hakuna anayeuliza.

Sasa najua inayofuata: "Wewe hujawahi kuona theluji, na tena uliacha chuo." Ni kweli, zote mbili. Lakini mimi ni mtu wa Kinangop, na baridi inayoua majani naijua kabla nijue kusoma. Sakitu ikipiga shamba la viazi, asubuhi unaona meusi matupu, unadhani ni moto umepita. Mkulima mgeni analia. Mkulima mzee anangoja, kwa sababu mara nyingi kiazi kinachipuza tena kutoka chini. Majani yamekufa ndio, lakini mmea haujafa. Uhai ulikuwa umejificha mahali baridi haifiki.

Mimea ya kudumu ya nchi za baridi inafanya hivyo kwa makusudi, kila mwaka. Siku zikifupika, chakula kinarudi mizizini, majani yanaachwa yafe, na chipukizi za mwaka ujao zinakaa pale usawa wa udongo zikingoja. Theluji ikianguka juu yake, hiyo si adui. Ni blanketi. Udongo ulio chini ya theluji nene unakuwa na joto kuliko hewa ya nje kwa mbali sana. Koliasi haina mpango kama huo. Asili yake ni nchi za joto, haijui winta ni nini, na hakuna maombi yatakayoifundisha.

Kwa hivyo swali la kwanza dukani si "inapendeza?" bali "inavumilia hadi zoni ngapi?" Idara ya Kilimo ya Marekani iko na ramani ya hii kitu, ya bure kabisa, na iliifanya upya 2023. Nchi yote imegawanywa zoni 13 kulingana na baridi kali ya kawaida ya kila mwaka. Maeneo ya Minneapolis yanaangukia zoni ya 4 na ya 5. Zoni ya 4 maana yake usiku mbaya kuliko zote unaweza kufika kati ya nyuzi 29 na 34 chini ya sifuri. Unaandika msimbo wako wa posta, ramani inakujibu. Haikuulizi digrii.

Na msiniambie ati mimea ya baridi haina rangi. Huo ndio uongo unaonikera zaidi. Mnadhani rangi ni mali ya kwetu na wao waliachiwa misonobari?

Chukua hyukera. Lebo imeandikwa Heuchera. Hiyo ni mzaliwa wa Amerika Kaskazini hapo hapo mlipo. Kuna moja inaitwa 'Palace Purple', majani ya zambarau iliyokolea kama zambarau za msimu zenyewe, na mwaka wa 1991 chama cha wakuzaji wa mimea ya kudumu huko Marekani kiliichagua kuwa mmea wa mwaka. Siku hizi zipo za rangi ya karameli, za fedha, za waridi, za njano ya limau. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo koliasi ya winta, na sijui kwa nini hakuna aliyewaambia hivyo.

Kama mbele ya nyumba kuna kivuli, tafuta brunera ya 'Jack Frost': jani la fedha lenye mishipa ya kijani, kama mtu aliyechora kwa kalamu. Kuna feri ya Kijapani ambayo ni kijivu na zambarau. Kuna aralia ya 'Sun King', ambayo winta inapotea yote mpaka unadhani imeibiwa, halafu ikirudi inapanda karibu mita moja, njano ya dhahabu. Hizi zote ni za zoni ya 4 au hata chini. Na hosta je? Hosta ni za kila aina, za buluu, za njano, zenye ukingo mweupe, na ukiipanda vizuri inaweza kuwazika mmeachana mabwana wawili. Huko Japani chipukizi zake changa ni mboga kabisa, watu wanapika. (Mbwa na paka wasile, inawadhuru. Kulungu nao watakula bila kukuomba ruhusa.)

Kuna mtu aliniandikia kwamba alijaribu hyukera na ikafa, kwa hivyo mimi ni mwongo. Nikamuuliza alipanda lini. Katikati ya Novemba. Manze! Mmea unahitaji kama wiki sita za kushika udongo kabla haujaganda. Halafu ukubwa wa tatizo la hyukera si baridi yenyewe, ni udongo kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, mpaka unasukuma mmea juu na mizizi inabaki uchi. Dawa yake ni majani makavu au maganda ya miti juu ya udongo, na unayaweka baada ya udongo kuganda, si kabla. Ikifika majira ya kuchipua ukaona mmea umeinuka, ukandamize polepole kwa kiganja. Na pale maji yanasimama usipande kabisa. Maji ya winta yanaua mimea ambayo baridi imeshindwa kuua.

Walio kwa nyumba za kupanga wako na hoja, hiyo nakubali. Huwezi kuchimbia landilodi bustani. Lakini kupanda kwa chungu kunawezekana, mradi ujue kwamba mizizi ndani ya chungu inapigwa na baridi pande zote, kwa hivyo nunua mmea wa zoni mbili chini ya yako. Uko zoni ya 5, nunua unaovumilia zoni ya 3. Ukihama unahama nacho.

Lakini kwa anti yangu na wenzake waliojinunulia nyumba, hoja ya landilodi hamna. Kilichobaki ni ile "mwaka ujao narudi", na hapo ndipo nataka tugombane vizuri. Nani aliwaambia kupanda mmea wa miaka 20 ni kula kiapo cha kutorudi? Guka yangu alipanda miparachichi akiwa na miaka zaidi ya 70. Hakupanda kwa sababu alikuwa na uhakika wa kuila. Nyinyi mko na shamba la mbele ya nyumba, mnalipia kodi, mnafyeka nyasi kila wiki, lakini mnalichukulia kama chumba cha kungojea basi.

Hosta ikikomaa unaing'oa wakati wa kuchipua, unaipasua kwa sepetu vipande vitatu vinne, kila kipande na mizizi yake, na hiyo ni mimea minne. Hyukera vile vile, tena yenyewe inataka: baada ya miaka mitatu minne shina linarefuka na kuwa la mti, usipoigawa na kuizika upya inachoka. Si muko na chama? Kila Jumamosi ya chama mnabeba chapati na pilau. Beba kipande cha hosta. Wanachama kumi, miaka mitano, hakuna mtu atanunua tena. Duka litawakosa, na hiyo si shida yenu.

Walio Houston na Dallas, tulieni, hii si yenu. Hosta inahitaji wiki kadhaa za baridi ya kweli ili ilale vizuri, na kwenu joto linaweza kuichosha. Koliasi nyinyi angalau inawapa miezi mingi.

Na wa Nairobi mnaonijazia inboksi kuuliza nani anakuja Desemba awabebee hosta kwa sanduku: hapana. Kwanza KEPHIS wanataka kibali kabla mmea uingie nchini, na uwanjani utanyang'anywa. Pili, hata ukiupitisha, Julai yetu haitoshi kuulaza. Utakaa macho mwaka mzima, unadhoofika kidogo kidogo. Koliasi iko kwa kitalu karibu na wewe. Nunua hiyo.