Walijuaje? Ajali Zetu na Ushahidi Unaouzwa kwa Kilo

Mama mmoja wa Igogo aliniuliza swali ambalo shahada zangu zote hazikunisaidia kulijibu. Mwanawe alikuwa dereva wa mchomoko, gari dogo la kubeba abiria kutoka Mwanza kwenda wilayani. Jioni moja aligongana uso kwa uso na lori, akafa papo hapo. Kabla hajazikwa, redio ilikwisha tangaza kauli ya afisa mmoja: chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva wa gari dogo. Mama yule akanitazama, akasema: "Mwalimu, wewe unafundisha fizikia. Hawakuwapo. Walijuaje?"

Jibu ni kwamba hawakujua. Waliona gari dogo limefinyangwa hadi kwenye viti na lori limevunjika bampa, wakahitimisha kwamba aliyeumia zaidi ndiye aliyekimbia zaidi. Hitimisho hilo lina sura ya akili ya kawaida, lakini fizikia ya sekondari inalikataa.

Tuchukue mfano wa darasani. Gari la tani 1 linakwenda kilometa 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa na Sheria ya Usalama Barabarani katika maeneo ya makazi. Lori la tani 9 linatokea upande wa pili, nalo kwa kilometa 50. Yakigongana uso kwa uso na kung'ang'aniana, yote mawili yatasogea kule lilikokuwa likielekea lori, kwa kilometa 40 kwa saa. Lori limepoteza kilometa 10 tu. Gari dogo limetoka 50 kwenda mbele hadi 40 kurudi nyuma, yaani mwendo wake umebadilika kwa kilometa 90 kwa saa, kufumba na kufumbua. Mabaki yake yatafanana na ya gari lililojibamiza ukutani kwa kilometa 90. Dereva aliyetii sheria atahukumiwa kwa ushahidi wa mabati.

Sisemi kwamba kijana yule hakukimbia. Huenda alikimbia. Ninasema kwamba palikuwa na njia ya kujua, nasi hatukuitumia.

Magari mengi ya mitumba tunayoyapokea kutoka Japani yana kompyuta ndogo inayofyatua mifuko ya hewa. Ndani ya mfumo huo mna akselerometa, chombo kinachopima mchapuko, yaani kadiri mwendo unavyobadilika kwa kila sekunde. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, kompyuta hiyo huhifadhi kumbukumbu ya mgongano wenyewe, na mara nyingi sekunde chache za kabla yake: gari lilikuwa na mwendo gani, breki ilikanyagwa au la, mkanda ulifungwa au la. Vifaa vya kusomea kumbukumbu hizo vinauzwa; kampuni ya Bosch ya Ujerumani ina kimoja kinachotumiwa na wachunguzi wa nchi mbalimbali.

Maarifa ya kuzisoma yamekuzwa na majaribio ya kugongesha magari kwa makusudi. Marekani hubamiza gari jipya ukutani kwa kilometa 56 kwa saa, likiwa limefungwa vipimo vinavyoandika maelfu ya namba kwa sekunde. Gari husimama ndani ya takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde, na wastani wa mchapuko hufikia karibu mara 16 ya ule wa mvutano wa dunia. Abiria wa kilo 60 hubanwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja.

Majaribio hayo yametufundisha pia unyenyekevu. Bodi ya gari hutetemeka kama debe lililopigwa, hivyo namba ghafi lazima zichujwe kwanza. Kipimo kilichofungwa karibu na bampa hakitasema sawa na kilichofungwa sakafuni. Na zaidi ya yote, akselerometa hueleza mwendo umebadilika kiasi gani. Peke yake haielezi mwendo wa awali ulikuwa upi. Anayesoma "90" katika mfano wangu wa juu na kutangaza kwamba dereva alikimbia 90 ametenda dhuluma ileile ya jana, safari hii kwa kompyuta. Namba lazima ioanishwe na uzito wa magari, alama za breki na mahali yalipoishia.

Najua nitajibiwa kwamba LATRA imekwisha funga mifumo ya kufuatilia mwenendo wa mabasi. Ni hatua njema, naiunga mkono. Lakini basi la kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Taarifa iliyotumwa sekunde 10 kabla ya ajali inaeleza habari za mita 220 nyuma. Hiyo ni zana ya kudhibiti mwendo, na haiwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi wa mgongano.

Wala tusisingizie kwamba taifa hili halijui kuchunguza. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani Bukoba na kuua watu 19, wachunguzi waliitwa, na ripoti ya awali ikatoka kabla mwezi haujaisha. MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, iliundwa tume. Anayefia angani huchunguzwa, na anayefia ziwani hupata tume. Anayefia barabarani hupata sentensi moja redioni, ingawa barabara ndiyo inayotuzika kila wiki.

Wapo watakaosema mwendokasi unaua kweli. Unaua. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya mgongano huongezeka mara nne. Ndiyo sababu neno hilo halifai kuwa kapu la kutupia kila maiti. Tukimlaumu marehemu, ambaye hajitetei, hatutauliza kama taa za lori ziliwaka, kama barabara ilikuwa na mabega, kama aliyelipakia alizidisha mzigo. Walio hai wote wanakwenda nyumbani wakiwa safi.

Ninadai mambo matatu. Kwanza, kiundwe chombo huru cha kuchunguza ajali za barabarani, kisicho chini ya wanaokagua magari wala wanaotoa leseni. Pili, gari lolote lililoua mtu lisiondolewe mikononi mwa dola kabla kompyuta yake haijasomwa, pale inapoweza kusomwa. Tatu, ripoti itolewe hadharani, na familia ya marehemu ipewe nakala. Vyuo vyetu vina wahandisi na wanafizikia wanaoweza kufunzwa kazi hii, wanangoja kuitwa.

Nilimweleza mama yule habari ya kompyuta ile. Akauliza iko wapi sasa. Tukafuatilia. Mabaki yalikuwa yamekwisha uzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yakapimwa kwa kilo. Iwapo kumbukumbu ya sekunde za mwisho za mwanawe ilikuwamo, nayo ilipanda mizani pamoja na mabati.